Mafungo ya Jirani Zetu: Faragha Yenye Mlango

Msomaji aliye na jirani Mkristo, au anayefanya kazi na Wakristo afisini, aghalabu amepata kuambiwa: "Ijumaa jioni sitakuwapo, ninakwenda mafungo." Ukimwuliza mafungo ni kitu gani, hukujibu kwa mkato kwamba ni siku za kusali, kisha hushika njia yake. Kwa sikio la mtu wa Pwani, mafungo yatoka katika kufunga, na kufunga tunakokujua sisi ni saumu. Walakini jirani huyo, siku zote za mafungo yake, hula asubuhi, mchana na jioni. Anachokifunga ni mlango wa shughuli za dunia, na zaidi ya hapo, ulimi wake.

Zamani ingetosha kuyaacha mambo hayo kwa wenyewe. Lakini Aprili mwaka 2023 sote tulisikia habari ya msitu wa Shakahola, hapa hapa petu, katika Kaunti ya Kilifi. Watu walikuwa wameacha nyumba zao wakaingia msituni nyuma ya mhubiri mmoja, wakafunga kula kwa kuamini kwamba kwa njia hiyo watakutana na Yesu. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu ule, mingi ikiwa ya watu waliokufa kwa njaa, na watoto wadogo wakiwamo. Mhubiri huyo alishtakiwa mahakamani, naye akayakana mashtaka. Tangu siku hizo, mzee akiambiwa na binti yake au na mpangaji wake kwamba anakwenda mahali pa faragha kusali chini ya kiongozi, moyo humdunda, na ana haki ya kudundwa na moyo.

Kwa hivyo si upuuzi kuuliza: mafungo yaliyo sawasawa hupangwaje? Na yule anayeyaongoza ana mamlaka gani juu ya nafsi za watu? Mwenye kuyachungua mambo haya ataona kwamba kazi kubwa ya kiongozi wa mafungo si kuwafunga watu. Kazi yake kubwa ni kujifunga yeye mwenyewe: afunge maneno yake, afunge udadisi wake, afunge tamaa yake ya kuwamiliki wale waliomwamini.

ASKARI ALIYEJINYIMA CHAKULA

Kujitenga kwa ajili ya Mungu si jambo la dini moja. Kisa cha Nabii Musa na masiku yake arubaini kimo katika Kurani na kimo katika Taurati. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akikaa katika pango la Hira kabla ya kushukiwa na wahyi, na itikafu ya kumi la mwisho la Ramadhani twaijua sote. Imamu Ghazali aliacha kiti chake cha ualimu Baghdad mwaka 1095, akaenda Shamu, akawa akijifungia juu ya mnara wa msikiti mkuu wa Damascus. Wakristo nao hukumbuka siku arubaini za Nabii Isa jangwani, na jinsi alivyowaita wanafunzi wake waende kando wapumzike, pale watu walipokuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula.

Lakini mafungo kama yanavyofanywa leo, yenye mpango, yenye kiongozi na yenye siku zilizohesabiwa, kwa sehemu kubwa yana chimbuko lake kwa mtu mmoja wa Uhispania, Ignatius wa Loyola, ambaye Wakatoliki wetu humwita Mtakatifu Inyasi. Alizaliwa mwaka 1491 katika nyumba ya kiungwana. Mwaka 1521, katika vita vya Pamplona, mzinga ulimvunja mguu. Alipokuwa kitandani miezi mingi hakuwa na la kufanya ila kusoma vitabu vya dini, na alipoinuka hakuutaka tena uaskari. Mwaka 1522 akashika njia mpaka mji mdogo uitwao Manresa, akakaa huko karibu mwaka mzima, akisali saa saba kila siku, nywele na kucha hakati.

Hapo ndipo pana somo. Ignatius alishikwa na wasiwasi mkubwa juu ya dhambi zake. Akitubu leo, kesho haamini kwamba amesamehewa, hata shetani akamtia wazo la kujiua. Basi akaazimia kutokula wala kunywa mpaka Mungu amwondolee dhiki ile. Akakaa juma zima hivyo. Jumapili ilipofika alimweleza padri aliyekuwa akimwungamia, na padri yule akamwamuru afungue mara moja. Ignatius akatii, akala. Nafuu aliyoitaka haikuja kwa njaa. Ilikuja baadaye, na ilikuja kwa njia nyingine.

Msomaji na aliweke jambo hili mkabala na Shakahola. Mtu mwenye dhiki moyoni na njaa tumboni yuko pale pale. Tofauti ni huyo aliyesimama mbele yake. Mmoja alisema: Kula, mwanangu. Watu wa Shakahola hawakupata wa kuwaambia hivyo.

Yale aliyoyapitia Manresa, Ignatius aliyaandika kidogo kidogo yakawa kitabu kidogo kiitwacho Mazoezi ya Kiroho. Hakikumjia kwa raha. Mwaka 1527 wakuu wa dini wa Uhispania walimtia gerezani mara mbili, Alcalá na Salamanca, wakitaka kujua mtu asiye padri apata wapi ruhusa ya kuongoza roho za watu. Swali lao lilikuwa la haki, ingawa hawakumwona na kosa katika itikadi. Mwaka 1548 Papa Paulo wa Tatu alikiidhinisha kitabu hicho, na mwaka 1922 Papa Pius wa Kumi na Moja alimtangaza Ignatius kuwa msimamizi wa mafungo yote ya Wakatoliki.

Hapa pana habari inayotugusa watu wa Pwani. Mmoja katika wenzi wa mwanzo kabisa wa Ignatius alikuwa Francis Xavier, aliyefanya mazoezi hayo Paris mwaka 1534. Mwaka 1542, akiwa safarini kwenda Bara Hindi, jahazi yao ilitia nanga Malindi. Katika barua aliyoiandika baadaye kutoka Goa alisimulia kwamba mwungwana mmoja Mwislamu wa mji ule alimwuliza kama Wakristo wangali wakijaa makanisani mwao, kwa maana kwao Malindi ibada ilikuwa imepoa: misikiti 17, na iliyokuwa ikiswaliwa ni mitatu tu. Hawakuafikiana juu ya sababu, kila mmoja akabaki na dini yake. Walakini ugonjwa waliokuwa wakiuzungumza ulikuwa mmoja, nao ni moyo kupoa. Mafungo yaliwekwa kuwa dawa ya ugonjwa huo.

WATU WANANE WANATOSHA

Mazoezi kamili ya Ignatius ni ya siku 30. Mtu wa kazi na watoto hana siku hizo. Kwa hivyo yakafupizwa yakawa siku nane, na leo yaliyo mengi ni ya Ijumaa jioni mpaka Jumapili alasiri. Wengine huenda katika nyumba zilizojengwa kwa kazi hiyo, mathalan Mwangaza, nyumba ya Wajesuiti iliyoko Karen, Nairobi. Wengine ni kikundi kidogo tu cha mtaa. Tangu miaka ya 1970 maaskofu wa Kikatoliki wa Afrika ya Mashariki walipoazimia kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, majirani wachache wanaosoma Biblia pamoja sebuleni huweza pia kuondoka pamoja wakaenda mafungo. Waprotestanti nao wana mafungo yao, ingawa kwa kawaida yana nyimbo nyingi kuliko kimya.

Tuseme mwalimu mmoja wa dini ameombwa kuongoza kikundi kama hicho. Aanzie wapi?

Aanzie kwenye hesabu. Katika mafungo ya kimya, kila mtu hukaa na kiongozi peke yake mara moja kwa siku, kwa muda wa nusu saa hivi. Watu wanane ni saa nne. Watu ishirini ni saa kumi, na hapo kiongozi ama atawakimbiza watu kama karani wa dirishani, ama hatakuwa na saa ya kusali yeye mwenyewe. Kiongozi asiyesali atawapa watu nini? Ndiyo maana kikundi kidogo ni bora.

Pili, azungumze na kila mmoja kabla ya safari. Ana maradhi gani? Anatumia dawa? Amefiwa karibuni? Kimya ni kitu chenye nguvu. Mtu aliyezidiwa na huzuni, au mwenye maradhi ya akili, kimya cha siku mbili chaweza kumdhuru, naye huyo yampasa kuonana na daktari kwanza. Wa nyumbani waambiwe mahali, siku ya kwenda na saa ya kurudi, na wapewe nambari ya simu itakayojibiwa. Gharama nayo itajwe mapema, iishe. Kuwapitishia watu sahani ya sadaka usiku wa pili, wakati mioyo imelainika na machozi yako karibu, ni kumwibia mtu aliyelala.

Tatu, achague jambo moja tu. Makosa ya viongozi wachanga ni kubeba Biblia nzima ndani ya mkoba. Jambo moja lenye kufaa sana ni kisa cha Nabii Eliya, ambaye sisi twamwita Ilyas, kama kilivyo katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, mlango wa 19. Eliya amechoka, amekimbilia jangwani, amelala chini ya mti akiomba afe. Malaika amgusa. Hamhubirii wala hamkaripii. Amwonyesha mkate na maji, amwambia ale. Eliya ala, alala tena. Mara ya pili malaika amwamsha ale, kwa kuwa safari ni ndefu. Baada ya hapo ndipo aendapo siku arubaini mpaka mlima wa Mungu, na huko upepo wapita, tetemeko lapita, moto wapita, ndipo ije sauti ndogo, ya utulivu.

Kisa hicho chenyewe chaweza kuwa ratiba. Ijumaa jioni watu hufika wamechoka na wiki nzima, vichwa vyao vingali vimejaa magari na madeni. Basi jioni hiyo ni ya malaika: wale vizuri, wazungumze, waelezwe taratibu, na saa tatu za usiku kimya kianze, walale. Jumamosi ni ya jangwa na mlima. Asubuhi, baada ya chai, kiongozi aseme kwa dakika kumi au kumi na tano, kisha kila mtu aende peke yake saa nzima na aya chache. Mchana wale, wajinyooshe, watembee. Alasiri aseme tena kidogo, waende tena. Usiku wakutane kwa sala fupi. Jumapili waabudu pamoja, kimya kifunguliwe, wale chakula cha mchana wakizungumza, na saa tisa za alasiri kila mmoja awe njiani kurudi kwake.

Katika ile saa ya peke yake mtu hufanya nini? Husoma polepole, kama sisi tusemavyo tartili. Karne ya 12 mtawa mmoja wa Ufaransa, Guigo wa Pili, aliieleza kazi hiyo kuwa ngazi ya vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, kisha kutulia mbele ya Mungu bila ya maneno. Mtu akishikwa na neno moja la aya, akae nalo. Asikimbilie aya ya pili kwa kuogopa kwamba hatamaliza. Hakuna mtihani.

ULIMI WA MIZANI

Sasa tumefika kwenye kazi yenyewe ya kiongozi. Ignatius aliandika mwanzoni mwa kitabu chake maelezo 20 kwa mtu wa kazi hiyo, na ajabu yake ni kwamba mengi ni ya kumzuia.

Amemwambia aseme kwa ufupi, kwa maana kitu ambacho mtu amekivumbua mwenyewe kina ladha moyoni kuliko alichohubiriwa kwa saa nzima. Mtu hashibi kwa wingi wa elimu, hushiba kwa kuonja. Amemwambia ampime kila mtu kwa umri wake, elimu yake na nguvu zake, asimtwike asichoweza kuchukua. Amemwambia asipeleleze dhambi na siri za mtu. Atosheke kujua jinsi moyo unavyokwenda: una amani au una giza. Amemwambia kwamba mtu akiwa katika furaha kubwa ya ibada, anayeona mbingu ziko karibu, azuiwe asiweke nadhiri ya haraka. Na juu ya yote, asimsukume mtu upande huu wala ule. Amwache Muumba ashughulike na kiumbe chake, yeye abaki katikati kama ulimi wa mizani, ambao ukiinama wenyewe kabla ya kitu kuwekwa, mizani hiyo ni ya wizi.

Na kuhusu chakula, yule aliyejinyima juma zima Manresa aliandika kanuni za kula kwa kiasi, akasema kwamba malipizi ya mwili yasifike hadi ya kumtia mtu maradhi. Nasi twajua kwamba Mtume (S.A.W.) aliwakataza masahaba zake saumu ya wisali, ya kuunganisha siku kwa siku bila ya kufuturu, na kwamba mwili una haki yake juu ya mtu.

Mazungumzo ya wawili yanataka adabu yake. Yafanyike mahali panapoonekana, barazani au chini ya mwembe, si chumbani mlango ukiwa umefungwa. Maneno yenyewe si mengi. Tuseme ni mama mtu mzima na padri kijana:

"Padri, nimekaa saa nzima, sikupata kitu. Nilikuwa nikiwaza bei ya unga."

"Usiku ulilala, mama?"

"Nililala. Sikulala hivyo tangu mwezi wa Ramadhani ya jirani zangu, waliponiamsha na daku."

"Basi leo rudi pale pale kwenye mkate wa Eliya. Na huo unga, mama, uende nao pia. Mwambie Mungu habari ya unga."

Kwisha. Hakumpa hotuba, wala hakumlaumu. Amemrudisha mahali pake, ameondoka njiani.

Usiku wa pili, ikiwa kikundi kitakaa duara na kuelezana, sheria ni chache. Kila mmoja aseme yake, si ya mwenziwe. Asiyetaka kusema asilazimishwe. Akisema mtu, asijibiwe wala asirekebishwe. Yaliyosemwa pale yabaki pale. Ila patokee habari ya mtu aliye hatarini, au mtoto anayedhulumiwa, hapo siri haina nafasi, na kiongozi ni lazima atafute msaada.

Kuna na suala la simu za mkononi. Kuziweka kikapuni ni jambo jema, mradi mwenyewe aiweke kwa hiari na aweze kuichukua. Kimya si kifungo. Mtu akisema usiku wa manane, "Nataka kwenda kwangu," atafutiwe usafiri, asiulizwe imani yake imepungua kwa nini. Katika itikafu pia mlango upo. Bi Safiyya alimzuru Mtume (S.A.W.) msikitini akiwa katika itikafu, wakazungumza, naye akainuka kumsindikiza mkewe mpaka mlangoni.

KURUDI NYUMBANI

Mafungo yasiyopangiwa kurudi ni nusu ya kazi. Mtu aliyekaa siku mbili katika utulivu huingia katika matatu yenye muziki wa kupasua masikio, na akifika nyumbani mtoto ana homa. Kwa hivyo Jumapili, kabla ya kuagana, kiongozi hodari huwauliza jambo moja dogo: kesho asubuhi utafanya nini? Asiulize utabadilika vipi maisha yako yote. Robo saa kabla ya watoto kuamka inatosha. Ignatius mwenyewe aliwafikiria watu wenye shughuli wasioweza kuondoka kwao, akawawekea njia ya kufanya mazoezi yake yote wakiwa nyumbani, kwa saa moja na nusu kila siku, hata ikichukua miezi. Baada ya kuagana kiongozi naye arudi kwake, asiwe mtu wa kupigiwa simu kwa kila uamuzi. Watu wakimhitaji zaidi baada ya mafungo kuliko kabla yake, kazi yake imeharibika.

Msomaji atauliza, haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa ujirani, kwanza. Mfanyakazi akiomba ruhusa ya Ijumaa alasiri, tajiri wake Mwislamu ajue anaombwa kitu gani. Yanatuhusu pia kwa usalama wa watoto wetu, kwa sababu waitaji wa faragha hawako katika dini moja. Akija yeyote, wa kanzu au wa kola, akamwita kijana wako mahali pa kujitenga, muulize maswali haya manne: Anarudi lini? Atakula nini? Akitaka kuondoka, nani atamfungulia? Na wewe kiongozi, nani anayekuangalia wewe? Mwenye kazi ya haki atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Mwenye kukasirika kwa kuulizwa amekwisha kukujibu.

Nami nimeyafupisha katika ubeti mmoja, upate kukaa kichwani:

Ulimi ukinyamaza, moyo hupata nafasi,
Na mwenye kuwaongoza, asimiliki nafusi,
Njia akishaeleza, akae kando na basi,
Mlango wa kurudia, usifungwe kwa kufuli.

Katika msitu wa Shakahola kufuli ile haikuwa ya chuma. Ilikuwa ni neno la mtu mmoja lisiloulizwa. Basi na tuulize, kwa adabu na kwa upole, lakini tuulize.